Kutunga viwango vya makala na nishati ya mimea pamoja na wananchi: mwongozo kwa vikundi vya Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa kikundi chochote cha Lubumbashi au cha vijiji vinavyoizunguka kinachotaka kuandika viwango vya nishati ya mimea ambavyo watu watavifuata kweli. Kinaweza kuwa chama cha wachoma makala (yaani makaa ya miti ya kupikia), ushirika wa wakulima, kamati ya parokia au shirika la mazingira. Wengi wakisikia nishati ya mimea hufikiria magari ya Brazil yanayotumia ethanoli ya miwa. Hapa kwetu nishati hiyo iko kwenye mbabula, jiko la makala, nyuma ya nyumba. Makala ndiyo inayopika bukari (ugali) ya jiji hili, na siku umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika hata wenye jiko la umeme hurudi kwenye makala. Ethanoli ya muhogo na mafuta ya mbono kaburi ni mambo ya miradi inayokuja na kuondoka. Nitayagusa kwa sababu yakija huja na maombi ya ardhi, lakini uzito wa mwongozo uko kwenye makala.

Viwango vingi vinavyofika vijijini vimeandikwa kwa Kifaransa ofisini, vikasomwa mara moja mbele ya chefu (mkuu wa kijiji), vikapigwa picha, basi. Mchoma makala hajaulizwa lolote. Hatua zifuatazo zinaelekea upande mwingine, nazo ni za polepole. Mwenye mfadhili anayetaka hati ndani ya mwezi mmoja asijisumbue nazo.

Kabla ya kuanza: waliotangulia na sheria iliyopo

Mfano unaofaa kujifunza ni wa RSB, jukwaa la nishati endelevu ya mimea lililoanza mwaka 2007 katika chuo cha EPFL, Lausanne, Uswisi. Kipindi kile bei za chakula zilikuwa zinapanda. Huko Mexico watu waliandamana mwanzoni mwa mwaka huo kwa ajili ya bei ya mikate ya mahindi, na lawama nyingi ziliangukia mahindi ya Marekani yaliyokuwa yanageuzwa ethanoli. Watu wa RSB hawakungoja hati ikamilike ndipo waitoe. Agosti 2008 walitangaza rasimu waliyoiita toleo la sifuri, yenye misingi 12, wakaomba kila mwenye neno aseme. Toleo la kwanza lilifuata Novemba 2009, la pili mwaka 2010. Misingi ile iligusa sheria, mipango, gesi joto, haki za wafanyakazi, maendeleo ya vijijini, chakula, viumbe hai, udongo, maji, hewa, teknolojia na taka, na haki ya ardhi.

Msinakili misingi yote 12. Mchoma makala wa barabara ya Kasenga hana haja ya hesabu ya gesi joto kutoka shambani hadi kwenye bomba la gari. Chukueni mambo mawili tu kutoka kwao: kutoa rasimu ikiwa bado mbichi, na kugawa wapiga kura katika vyumba, yaani makundi, kulingana na maslahi yao, ili wenye sauti kubwa wasiwameze wengine. Nitayarudia yote mawili.

Upande wa sheria, viwango vyenu ni vya hiari na haviwezi kuhalalisha kilichokatazwa. Kuna hati tatu za kusoma, au kusomewa na mtu anayezijua: Msimbo wa Misitu wa Kongo (DRC), yaani sheria namba 011/2002 ya 29 Agosti 2002, sheria namba 11/009 ya 9 Julai 2011 kuhusu misingi ya kulinda mazingira, inayompa mwananchi haki ya kushiriki katika maamuzi ya mazingira, na amri namba 14/018 ya 2 Agosti 2014, inayoruhusu jamii kupewa msitu wake hadi hekta 50,000. Hiyo ya tatu ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kijiji chenye msitu wa jamii kina ardhi ya kuwekea viwango. Kijiji kisicho nao huenda kikatunga kanuni nzuri juu ya miti ambayo kesho lori la mtu mwingine litaikata.

Hatua ya 1: Chagueni nishati moja na eneo moja

Andikeni sentensi moja inayosema viwango vinahusu nini na wapi. Kwa mfano: «Makala yanayotoka vijiji vinne vya barabara ya Kasenga na kuuzwa katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi.» Kisha ongezeni sentensi ya pili inayosema visivyohusika: kuni za kuchomea matofali, mbao, makala ya njia nyingine. Mkishindwa kuandika sentensi hizo mbili, bado hamjajua mnachofanya, na mikutano itageuka kuwa ya kulalamikia serikali, SNEL na makampuni ya migodi kwa siku nzima. Malalamiko hayo ni ya haki, ila hayaandiki viwango.

Hatua ya 2: Pangeni vyumba vya wahusika

Fuateni gunia moja la makala tangu mti unapokatwa hadi majivu yanapomwagwa, mkiandika kila mkono unaoligusa. Mtamkuta mkata miti, mchoma, wabebaji wa baiskeli (wale wa kinga, yaani baiskeli, wanaoingia mjini alfajiri), mwenye lori, dalali, mwanamke anayepima kwa kopo au kwa mfuko mdogo mlangoni kwake, na mpishi. Pembeni yao kuna mwenye shamba, chefu, maajenti wa mazingira, na kampuni ya mgodi ikiwa eneo liko ndani ya kibali chake.

Gaweni hao katika vyumba visivyozidi sita. Kwa makala ningeweka: wachoma na wakata, wasafirishaji na madalali, wauzaji wa reja reja, wapishi wa nyumbani na wa migahawa, wenye ardhi na wazee wa kijiji, na chumba cha wataalamu na mashirika. Kila chumba kina kura moja, hata kama kimoja kina watu mia na kingine watano. Maajenti wa serikali waalikwe wasikie na waseme, ila wasipige kura. Wao wana sheria tayari, na kura yao huwatisha wasio na vibali.

Chumba cha wauzaji wa reja reja ndicho kinachosahaulika zaidi, na kwa maoni yangu ndicho chenye maarifa mengi. Bamama wanaouza makala wanajua kwa kushika tu kama mti ulikuwa mbichi au mkavu, kama tanuru lilifunguliwa mapema, kama kuna mawe chini ya gunia. Waulizeni wao kwanza ubora maana yake nini, mkifika huko kabla jua halijapanda, maana baadaye wana wateja.

Hatua ya 3: Andikeni toleo la sifuri, kurasa mbili

Kurasa mbili zinatosha. Hati ya kurasa thelathini haisomwi na mtu anayelala karibu na tanuru. Kila kanuni iwe na sehemu tatu: inataka nini, tutajuaje kama imefuatwa, na nani anaangalia.

Hapa ndipo rasimu nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Soma kanuni hii: «Wachoma makala watumie msitu kwa njia endelevu.» Hakuna atakayeipinga, na hakuna anayeweza kuivunja, kwa sababu haisemi kitu. Ilinganishe na hii: «Mti ukatwe chini, kwa mkato safi ulioinama ili maji yasikae juu ya kisiki, eneo lililokatwa lisilimwe wala kuchomwa moto kwa misimu inayokubaliwa na kijiji, mkaguzi wa kijiji ahesabu visiki vyenye machipukizi baada ya mvua ya kwanza.» Hiyo inaweza kubishaniwa, kupimwa na kuvunjwa.

Kuna sababu ya kuanza na kisiki. Miti mingi ya msitu wetu wa miombo, kama muputu na mutondo, huchipua upya kutoka kwenye kisiki na mizizi ikiachwa ipumzike. Adui mkubwa wa machipukizi ni moto wa mwisho wa kiangazi, mwezi wa nane hadi wa kumi, wakati majani yamekauka kabisa. Majaribio yaliyoanzishwa Ndola, ng'ambo ya mpaka Zambia, mwaka 1933 yalionyesha tofauti hiyo waziwazi: vipande vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti, vilivyochomwa mapema viliendelea kuwa na msitu. Kwa hiyo kanuni ya moto ina thamani kuliko kanuni ya kupanda miche ambayo kila mradi huipenda kwa sababu miche hupigwa picha vizuri.

Kanuni ya pili ya kuandika ni ya tanuru. Tanuru la kawaida la udongo hutoa kati ya kilo 10 na 20 za makala kwa kila kilo 100 za kuni. Tanuru lililoboreshwa, kama lile la Casamance lenye bomba la moshi lililotoka Senegali, likisimamiwa na mtu anayejua hufikia kilo 25 hadi 30. Anayetoka 12 kwenda 24 anakata nusu ya miti kwa gunia lilelile. Hata bila bomba, kukausha kuni wiki kadhaa, kupanga vizuri na kutoacha tanuru peke yake usiku huongeza mazao. Lakini msiandike «kila mchoma atumie tanuru la Casamance». Bomba lina bei, na halibebeki kirahisi kutoka mahali hadi mahali. Andikeni matokeo mnayotaka, yaani kilo kwa kilo, mwacheni mchoma achague njia.

Kanuni ya tatu ni ya kipimo. Gunia la Lubumbashi halina uzito mmoja: kuna la kawaida, kuna lililorefushwa kwa nyasi na kamba juu hadi linakaribia urefu wa mtu. Bila kilo, mazungumzo yote ya bei, ushuru na miti iliyokatwa ni ya kukisia.

Zilizobaki ziwe fupi: watoto wasifanye kazi ya tanuru (Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1999, ambao Kongo imeuridhia, unakataza kazi za hatari kwa walio chini ya miaka 18), miti ya matunda, ya viwavi vya kuliwa na ya makaburi isiguswe, kando za mito na chemchemi ziachwe, na muuzaji amkumbushe mnunuzi kutolala na mbabula inayowaka ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake inaua bila harufu.

Hatua ya 4: Pelekeni rasimu kwa watu, kwa wakati wao

ISEAL, muungano wa mashirika yanayotunga viwango, kwa miaka mingi umedai duru ya kwanza ya maoni isiyopungua siku 60, na duru ya pili ya siku 30 pale ambapo mambo makubwa hayajapata ufumbuzi. Chukueni siku 60 kama sakafu, si dari.

Msimu unawabana. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne mvua huharibu barabara za vijiji, na wakulima wako mashambani. Kiangazi barabara zinapitika, lakini ndipo wachoma wengi wako porini siku na usiku. Suluhisho ni kuwafuata huko. Mkutano wa watu saba karibu na tanuru linalofuka moshi una faida kuliko ukumbi wa watu themanini mjini ambako wachoma ni wawili, nao wamekaa nyuma.

Lugha ya rasimu iwe Kiswahili, na iwe Kiswahili chetu. Kwenye vijiji vya Walamba, Wabemba na Wasanga tafuteni mtu wa palepale aisome kwa lugha ya nyumbani, na aachwe aeleze kwa maneno yake. Nakala ya Kifaransa mtaihitaji kwa ofisi za mkoa, lakini ya Kiswahili iandikwe kwanza na iwe ndiyo asili. Zikitofautiana, asili ndiyo inayotawala.

Tumieni njia zaidi ya moja. Redio za hapa zinasikika hadi porini, na kipindi cha nusu saa chenye simu za wasikilizaji huleta maoni ambayo mkutano hauleti. Sauti za WhatsApp zinafaa kwa madalali na madereva, kwa sababu mtu anayeendesha lori haandiki. Wanawake wakutanishwe peke yao angalau mara moja, tena na mwanamke mwenzao. Wazee wa kijiji wapewe heshima yao kwa kutangulia kuonana nao kabla ya mkutano wowote. Chefu akisikia habari zenu sokoni kabla hajazisikia kutoka kwenu, mlango umefungwa.

Kisha kuna hofu. Mchoma asiye na kibali akiona daftari na kalamu anafikiri ushuru au polisi. Msiandike majina. Andikeni kundi na mahali tu: «mchoma, kijiji fulani». Msipige picha za nyuso kwenye matanuru. Na siku ya kuwafuata wachoma, msiongozane na ajenti wa mazingira hata kama ni rafiki yenu mwenye gari.

Hatua ya 5: Daftari la maoni na majibu yake

Kama mtafanya jambo moja tu kati ya yote haya, liwe hili. Kukusanya maoni ni rahisi, na kila mradi hukusanya. Kinachokosekana ni jibu. Mtu aliyesema jambo mwezi wa sita anataka kujua mwezi wa tisa limekwenda wapi. Asipojua, mkutano ujao hatakuja, au atakuja kwa ajili ya nauli.

Nunueni daftari kubwa la hesabu, mlichore safu saba: namba, tarehe, mahali, kundi, kanuni inayohusika, maneno yenyewe, na jibu. Maneno yaandikwe kama yalivyosemwa, hata yakiwa makali. Mwandishi anayesafisha maneno ya watu anayapunguza nguvu bila kujua. Jibu liwe moja kati ya matatu: tumekubali na kanuni imebadilika hivi, tumekubali sehemu, hatukukubali kwa sababu hii. «Tumepokea maoni yako» si jibu.

Mifano miwili ya kubuni ionyeshe inavyokuwa. Namba 14, mchoma, kuhusu kanuni ya moto: «Moto si wetu, ni wa wawindaji wa panya na wa wenye ng'ombe. Mtatufunga kwa moto wa wengine.» Jibu: tumekubali, kanuni sasa inasema kijiji kizima kinachoma mapema, mwezi wa tano au wa sita, kuzunguka eneo lililokatwa, na mchoma halaumiwi kwa moto uliotoka nje ikiwa ukanda huo ulichomwa. Namba 31, muuzaji wa reja reja, kuhusu kilo: «Mizani mtaleta, nani atalipia ikiharibika? Tena mteja anataka kuona lundo, hataki namba.» Jibu: tumekubali sehemu; kilo zitapimwa pale lori linaposhusha, si kwa kila mteja, na kopo la reja reja linaendelea.

Namba 14 inaonyesha kwa nini mnauliza. Hakuna mtaalamu wa misitu angeandika kanuni ile akiwa mezani.

Duru ikiisha, rudini katika vijiji vilevile na soko lilelile mkasome majibu kwa sauti. Msitume nakala tu. Yakataeni maoni mnayoyakataa mbele ya walioyatoa. Ni vigumu, na pengine mtabadilisha uamuzi mkiwa mmesimama pale, jambo ambalo linaruhusiwa.

Hatua ya 6: Jiandaeni kwa mabishano matatu

La kwanza ni chakula. Mtu akileta mradi wa ethanoli ya mahindi au muhogo, mkumbusheni kwamba unga wa Lubumbashi unategemea sana mahindi yanayopita mpakani Kasumbalesa kutoka Zambia, na kila Zambia inapozuia mahindi yake kutoka, bei hapa hupanda na watu hulala njaa. Kanuni ya «nishati isiathiri chakula» haitoshi. Jaribuni kanuni yenye kichochezi: bei ya mfuko wa unga wa kilo 25 katika soko mlilolichagua ikizidi kiwango kilichokubaliwa kwa wiki nne mfululizo, kiwanda kinaacha kununua mihogo katika eneo hadi bei irudi. Mwekezaji atapiga kelele, na kelele zake ziingie daftarini kama za mwingine yeyote, kwa namba na jibu.

La pili ni ardhi inayoitwa tupu. Wakati wa msisimko wa mbono kaburi, karibu mwaka 2007 na 2008, waliouza wazo hilo sehemu nyingi za Afrika walisema mmea huo utakaa kwenye ardhi isiyotumika, wala hautahitaji maji mengi. Kwenye ardhi maskini ulizaa kidogo, kwenye ardhi nzuri ukashindana na chakula, na mashudu yake yana sumu, hayalishwi mifugo. Kwetu shida inaanza na neno tupu lenyewe. Wapima ardhi huja kiangazi kwa sababu barabara ni nzuri, wanaona majani makavu na shamba la muhogo lililoachwa lipumzike, wanaandika «haitumiki». Warudi wakati wa mvua wamkute mama na watoto wake wakiokota uyoga na vinkubala (viwavi vya kuliwa) palepale. Wekeni kanuni kwamba hakuna ardhi itakayopewa mradi wa nishati kabla haijatembelewa katika misimu yote miwili, tena wanawake wa kijiji wakiwa mbele, na kwamba ridhaa ya kijiji iwe huru, itolewe mapema, baada ya kupata habari kamili, na ihusishe pia haki ya kusema hapana.

Kwenye mkutano wa mjini mtu atapendekeza ardhi iliyochafuliwa na moshi wa viyeyusho vya shaba ndiyo ipandwe miti ya nishati. Wazo si baya, lakini metali hazipotei kwa kuchomwa. Zinaweza kubaki kwenye majivu, na majivu yetu huishia bustanini kwenye mchicha. Pimeni udongo na majivu kwanza.

La tatu ni lutuku, pombe kali ya kienyeji. Kila anayejua kupika lutuku anajua nusu ya kazi ya ethanoli, na ethanoli ya jiko isiyochanganywa kitu itanyweka. Kiwango kiseme ichanganywe na kitu kichungu na rangi kabla haijatoka kiwandani, na kikataze kabisa kuichanganya na methanoli, inayopofusha na kuua. Kumbukeni pia maji machafu: kila lita ya ethanoli huacha lita 10 hadi 15 za maji mazito yenye asidi. Yakimwagwa mtoni moja kwa moja, samaki hukosa hewa. Msikubali maneno «yatasafishwa» bila kuonyeshwa bwawa lenyewe.

Hatua ya 7: Jaribuni kabla ya kupitisha

Chagueni wachoma wachache waliokubali, pimeni kuni kabla na makala baada, mkitumia mizani ileile. Pima pia unyevu, hata kwa njia ya kienyeji: katakata kipande, kipime, kikaushe juu ya moto mdogo hadi uzito usipungue tena, kipime upya. Kuni mbichi na kuni kavu zikilinganishwa kama zilezile, majaribio yote yanadanganya.

Mkiona kanuni haifuatiki hata na walio tayari, tatizo ni la kanuni. Ibadilisheni, mwandike sababu daftarini.

Inafaa pia kuangalia wenzetu. Mampu, kwenye nyanda za Bateke karibu na Kinshasa, kuna takriban hekta 8,000 za akasia zilizopandwa kati ya 1987 na 1993, kisha zikagawiwa familia hekta 25 kila moja, zinazolima mahindi na muhogo kati ya vizazi vya miti, na kuuza makala na asali. Huko Goma, mradi wa EcoMakala ulioanza mwaka 2007 umesaidia familia zinazozunguka hifadhi ya Virunga kupanda miti yao ya makala. Mazingira ni tofauti na yetu: udongo wa Bateke ni mchanga, na sisi bado tuna miombo inayochipua yenyewe. Lakini kote wameona mti wa makala unatunzwa zaidi anapojulikana mwenye nao.

Hatua ya 8: Kupitisha, kusimamia na kurekebisha

Kanuni ipite kwa makubaliano ya vyumba vyote. Ikishindikana, ipite kwa vyumba vitano kati ya sita, na chumba kilichopinga kiandike sababu zake ndani ya hati yenyewe. Hati inayoonyesha nani alipinga nini huaminiwa zaidi na wanunuzi wa mjini kuliko inayojifanya wote walifurahi.

Usimamizi usiwe wa gharama kubwa kuliko makala yenyewe. Ukaguzi wa kampuni ya nje ni wa wenye kuuza Ulaya. Kwenu unatosha ukaguzi wa kijiji kwa kijiji: wachoma wa kijiji kimoja wanakagua wa kijiji kingine mara mbili kwa mwaka, mwezi wa saba na mwezi wa kwanza, na mtu wa chumba cha wauzaji akiandamana nao. Wenye kufuata wapewe alama ya kushona kwenye gunia, rangi moja kwa kila kijiji. Semeni mapema atakayelipia ukaguzi. Pendekezo langu ni kiasi kidogo kwa kila gunia, kilipwe na dalali pale lori linaposhusha, si na mchoma, kwa sababu faida kubwa haibaki porini.

Malalamiko yapokelewe na mtu ambaye hakuandika kanuni, jibu litolewe ndani ya siku 30, na kila lalamiko liingie kwenye daftari lilelile, likiendelea na namba palipoishia.

Pangeni marekebisho ya kwanza baada ya mwaka mmoja, baadaye kila miaka mitatu. Kwenye jalada la kila toleo andikeni namba yake, tarehe iliyopitishwa, tarehe itakayofunguliwa upya, namba ya simu ya malalamiko, na mahali daftari linapowekwa kwa atakayetaka kulisoma. Daftari likae sokoni, kwa muuzaji aliyechaguliwa na chumba chake.